Shule zikifungwa tena kwa mlipuko, nani atakaa na kidato cha sita kuomba vyuo?

Mwalimu wa Taaluma, Masasi

Habari za majukumu, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule moja ya sekondari yenye kidato cha tano na cha sita wilayani Masasi, na kwa miaka kadhaa sasa nimeongezewa kofia ya ushauri na unasihi, kofia ambayo katika shule nyingi huvikwa mwalimu yeyote anayeonekana kuwa na subira. Bodi ya shule imenitaka niandike mpango wa dharura wa kurasa mbili: iwapo utazuka ugonjwa wa mlipuko na shule zikafungwa kama mwaka 2020, wanafunzi wa kidato cha sita wataongozwaje kuchagua kozi, kuomba udahili na kuomba mkopo? Mjumbe mmoja wa bodi, mfanyabiashara wa korosho na mtu makini, aliniuliza mpango huo wa nini ilhali kila kitu siku hizi kipo mtandaoni. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na ndiyo sababu nimekuja kwenu.

Nieleze kwanza nilichokiona mwenyewe. Serikali ilifunga shule tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha. Sisi tulikuwa tumepanga siku ya taaluma Jumamosi ya tarehe 28. Vyuo vitatu vilikuwa vimekubali kuleta maafisa wao, turubai lilikuwa limeshalipiwa na mchele umeshanunuliwa. Mchele tukawagawia walinzi; fedha ya turubai haikurudi. Maafisa wale hawakuja tena mwaka ule, kwa kuwa wanafunzi waliporejea tarehe 1 Juni walikuwa na majuma manne tu kabla ya mtihani wa taifa, uliokuwa umesogezwa kutoka mwanzoni mwa Mei hadi tarehe 29 Juni. Katika majuma hayo, kumwomba mwalimu wa fizikia aniachie kipindi kimoja nizungumzie kozi za chuo kikuu kungekuwa sawa na kumwomba figo.

Mtihani ulipokwisha katikati ya Julai wakatawanyika, huyu Nanyumbu, yule Tandahimba, mwingine Ruangwa, wengine hadi Kigoma. Mwishoni mwa mwezi huo wilaya yetu nzima ilikuwa njiani kwenda Lupaso kumzika Mzee Mkapa, na nakumbuka vijana wangu wawili walinivuta pembeni katika msururu ule wa watu wakaniuliza kama vyuo vingepokea wanafunzi wapya mwaka huo au la. Hicho ndicho kikao pekee cha ushauri nilichokifanya ana kwa ana kati ya Machi na Septemba. Matokeo yakatoka tarehe 21 Agosti, wakati mwaka uliotangulia yalikuwa yametoka tarehe 11 Julai, na dirisha la udahili likafunguka mara baada ya hapo. Mimi nilikuwa nimekaa na simu moja na orodha ya majina, nusu ya namba zikiwa hazipatikani.

Sisi walimu nasi tulikuwa tumeandaliwa semina ya siku mbili ya ushauri wa udahili, Mtwara mjini, mwezi Aprili. Ilifutwa, kisha ikarudishwa kwa njia ya Zoom. Niliihudhuria nikiwa katika ofisi ya mkuu wa shule, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa unashika, na umeme ulipokatika saa nne asubuhi ikawa ndiyo mwisho wangu wa semina.

Swali langu, basi, ni hili: kwa ninyi mliokuwa upande mwingine wa jambo hili, wanafunzi, wazazi, watu wa vyuo, ni kitu gani hasa kilichokatika mwaka ule? Sitaki kuandika mpango wa kuziba tundu ambalo halipo.

Mhitimu wa 2020, Newala

Shikamoo Mwalimu. Sikusoma shule yako, lakini nilikuwa kidato cha sita mwaka huohuo, tahasusi ya CBG (kemia, biolojia na jiografia), na nitakueleza yaliyonipata bila kuficha.

Mjumbe wako wa bodi ana ukweli kwa upande mmoja. Mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ulikuwepo mtandaoni na niliupakua. Nyumbani kwetu mtandao haushiki, hivyo nilikuwa nakwenda hadi ukingoni mwa uwanda, panapotazama bonde la Ruvuma, nakaa chini ya mkorosho mmoja ambao vijana wote wa kitongoji chetu walikuwa wanaujua kwa sababu hiyohiyo. Bando la wiki lilikwisha kwa kupakua mwongozo tu. Ni kitabu cha mamia ya kurasa, chote kwa Kiingereza na chote kwa majedwali, na nilikisoma kwenye simu ya mama yenye kioo kilichopasuka kuanzia kona ya juu mpaka katikati. Nilisoma safu ya jina la kozi. Nilisoma safu ya idadi ya nafasi. Safu ya sifa za kujiunga, iliyoangukia hasa kwenye ule ufa, niliipitia juu juu.

Niliomba udaktari, katika vyuo viwili, nikalipa ada ya maombi kote kuwili kwa fedha ambayo mama aliikopa kwenye kikoba. Kila mtu anayejua mambo haya ataona kosa langu mara moja: udaktari unataka fizikia, kemia na biolojia, na mimi badala ya fizikia nilikuwa na jiografia. Nami nilikuwa nalijua hilo tangu kidato cha tano! Lakini katika kundi letu la WhatsApp, ambalo lilikuwa la wanafunzi watupu bila mwalimu hata mmoja, ulizuka ujumbe kwamba mwaka ule vyuo vimelegeza masharti kwa sababu ya korona. Ujumbe ulisema nchi za Ulaya na Marekani zimefuta mitihani na wanachukua wanafunzi bila alama, na kwamba Tanzania nayo imefuata. Haukuwa na jina la aliyeuandika. Tuliuamini kwa kuwa mwaka wenyewe ulikuwa wa ajabu. Shule zilizokuwa hazifungwi zilifungwa, mtihani usiosogezwa ulisogezwa, sasa kwa nini sharti la fizikia lisingeondolewa?

Sikupata kote kuwili. Awamu ya pili niliomba ualimu wa sayansi, kemia na biolojia, nikapata, na leo nafundisha. Siyalalamikii maisha yangu. Ninachosema ni kwamba laiti ningekutana na mwalimu yeyote kwa dakika tano, hata barabarani, nikamwambia "Mwalimu, naomba udaktari", angecheka, na kicheko kile kingeniokolea fedha ya mama. Mwongozo hauwezi kukucheka.

Mzazi, Lindi mjini

Mimi nitasema kwa ufupi. Shule ilikuwa na namba yangu kwa ajili ya michango, nami sikuwa na namba ya mwalimu yeyote kwa ajili ya mtoto. Mwanangu alipokwama katika kuhakiki cheti chake cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ili aombe mkopo, tulipiga simu ya ofisi ya shule siku tatu mfululizo na haikupokelewa, kumbe karani alikuwa likizo. Katika mpango wako, Mwalimu, andika namba ya mtu, si ya ofisi.

Fundi wa Steshenari, Mtama

Assalaam alaykum wote. Nimesoma habari ya huyo dada wa Newala nikainamisha kichwa, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili wa meza.

Nina duka la steshenari hapa Mtama, karibu na barabara kuu, lenye kompyuta mbili, printa na mashine ya kudurufu. Mwezi Septemba 2020 vijana walikuwa wanapanga foleni tangu saa moja asubuhi, wengine wamelala kwa ndugu zao ili wawahi. Kabla ya mwaka huo walikuwa wanakuja na karatasi waliyoandikiwa na mwalimu wao: chuo hiki, kozi hii, ya pili hii, ya tatu hii. Kazi yangu ilikuwa kuchapa tu. Mwaka ule walikuja mikono mitupu. Kijana ananiambia, "Kaka, niwekee kozi nzuri." Kozi nzuri! Mimi nimeishia kidato cha nne. Nilikuwa nawawekea zile nilizoona wenzao waliotangulia wanaziomba, na ndivyo foleni nzima ya siku moja ilivyojikuta imeomba kozi zilezile za vyuo vilevile.

Lakini hilo si kubwa kama la namba za simu. Mtakumbuka kwamba mwezi Januari mwaka huo laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na ili usajili ilikubidi uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Wengi wa vijana hao hawakuwa nayo, kwa hiyo hawakuwa na laini zao. Walitumia ya baba, ya mjomba, au hawakuwa na yoyote. Fomu ya maombi haisogei bila namba ya simu wala barua pepe. Nikawa ninaweka yangu. Barua pepe nilikuwa ninawafungulia mwenyewe, na nywila naiandika kwenye daftari la kaunta pamoja na jina na kijiji cha mtu, kwa kuwa nilijua wataisahau.

Majibu yalipotoka, aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja alitakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Namba hizo zikaanza kuingia kwenye simu yangu, moja baada ya nyingine, usiku, nimelala. Asubuhi nikawa na ujumbe zaidi ya ishirini na kila mmoja ni maisha ya mtu. Niliwapigia niliowaweza, wengine niliwatumia salamu kwa madereva wa bodaboda. Kuna kijana mmoja wa kijiji cha ndani huku, alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili. Oktoba ni wakati wa kuokota korosho, familia nzima ilikuwa shambani, na salamu yangu ilimfikia muda wa kuthibitisha ukiwa umeshapita. Alikuja dukani, akasimama pale mlangoni, hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Sijui mpango wako utawekaje hili, Mwalimu, lakini mtandao unaosemwa na mjumbe wa bodi, kwa vijana wa huku, ulikuwa ni mimi.

Mzaliwa wa Nachingwea, sasa Minnesota

Nawasalimu nyote kutoka mbali. Nimekuwa nikifanya kazi ndogo ndogo katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja huku Marekani tangu nikiwa mwanafunzi, na nataka kueleza ule uvumi uliomfikia dada wa Newala ulitoka wapi, maana haukuzuka hewani. Ulikuwa ukweli wa kwingine uliovishwa nguo za kwetu.

Marekani mwanafunzi anayeomba chuo huwa anafanya mtihani wa SAT au ACT, ambao si mtihani wa kumaliza shule bali ni wa kujipima kwa ajili ya udahili. Mwaka 2020 College Board, wanaouendesha SAT, waliufuta ule wa tarehe 2 Mei, kisha na wa tarehe 6 Juni. Vyuo vingi vikajikuta vinadai alama za mtihani ambao mtoto hana pa kuufanyia, hivyo vikaondoa sharti hilo; Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi nyingi kuliko vyuo vingi, kilitangaza kulisitisha mwezi huohuo wa Mei. Vyuo vingi vilisogeza mbele pia tarehe ya mwanafunzi kutoa uamuzi wake wa mwisho, kutoka tarehe 1 Mei hadi 1 Juni. Uingereza nako walifuta mitihani ya A-level, ya kumaliza sekondari, na kutoa alama kwa hesabu za kompyuta, na matokeo yalipotoka tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya alama zilizopendekezwa na walimu huko England zilikuwa zimeshushwa. Wanafunzi wakaandamana, na siku nne baadaye serikali ikarudi kwenye alama za walimu. Majirani zetu Wakenya walifunga shule muda mrefu zaidi, na mtihani wao wa kidato cha nne wa mwaka 2020 ukafanyika mwezi Machi na Aprili 2021. Sasa chukua habari zote hizo, zipitishe katika simu kumi, ondoa majina ya nchi, na utapata ule ujumbe wa WhatsApp. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache katika ukanda huu ambazo wanafunzi wake wa kidato cha sita walifanya mtihani kamili mwaka huohuo, na masharti ya kozi yakabaki yaleyale.

Kuhusu mikutano ya kitaaluma, hapa kuna chama cha washauri wa udahili kiitwacho NACAC, kilichoanzishwa mwaka 1937. Mkutano wake mkuu wa mwaka 2020 ulikuwa ufanyike hapa Minneapolis mwezi Septemba, na sisi wanafunzi wafanyakazi tulikuwa tumeshaambiwa tujiandae kubeba maboksi. Ukahamishiwa mtandaoni. Maonesho yao ya vyuo ya majira ya kuchipua yalifutwa, na kwa chama ambacho sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na maonesho na mkutano huo, lilikuwa pigo la fedha pia. Niliuhudhuria mkutano kupitia skrini bila kulipia hoteli. Mada nilizisikia zote. Nilichokikosa, wakubwa wangu wakaniambia nao wamekikosa, ni foleni ya chai, pale mtu wa chuo kimoja anapomnong'oneza mwenzake wa shule kwamba kozi fulani mwaka huu haijajaa, mlete yule kijana wako. Hayo hayasemwi mbele ya skrini inayorekodiwa.

Jambo moja walilifanya vizuri na linaweza kuigwa hata Masasi bila senti: waliweka mahali pamoja orodha ya vyuo na mabadiliko ambayo kila chuo kimeyafanya, ikawa mshauri hana haja ya kuzunguka tovuti mia. Orodha ya namna hiyo, hata ya vyuo kumi tu ambavyo vijana wa kusini huviomba zaidi, yenye sahihi ya mwalimu chini yake, ingeuua ule uvumi siku ileile.

Afisa Udahili, kanda ya kusini

Nimechelewa kuingia kwa sababu tupo katika pilikapilika za udahili. Nakubaliana na mengi, ila naomba nimpinge Mwalimu kidogo, kwa heshima. Korona haikuvunja ushauri wa udahili katika mikoa hii. Iliuondoa mkeka tu tukaona sakafu. Hata katika mwaka wa kawaida, mwanafunzi anamaliza mtihani mwezi Mei na anaomba chuo Julai au Agosti, wakati ambao si mwanafunzi wa shule yoyote. Mwalimu hana wajibu naye tena, chuo bado hakijampokea. Maonesho ya vyuo vikuu yanayoandaliwa na TCU huwa Dar es Salaam, pale Mnazi Mmoja, na kutoka Mtwara hadi huko ni zaidi ya kilomita 500 za basi. Kijana wa Tandahimba hayaoni, iwe kuna ugonjwa au hakuna. Tangu mwaka 2017 mfumo wa maombi wa pamoja ulipoondolewa na kila mwombaji akatakiwa kuomba chuoni moja kwa moja, mzigo wa kulinganisha vyuo umehamia kwa mtoto mwenyewe, na mwaka 2020 ulimkuta peke yake zaidi ya miaka mingine.

Nikiwa upande wa ofisi, niliona makosa ya aina tatu. Kosa la dada wa Newala ndilo dogo kwa idadi. Kubwa lilikuwa la wanaodhani kwamba kufikisha kiwango cha chini ni kutosha. Kiwango cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo makuu mawili wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili anaruhusiwa kuomba. Kuruhusiwa kuomba si kupata. Kijana mwenye D mbili aliomba kozi tatu, zote za sheria na biashara, katika vyuo ambavyo waliotangulia waliingia na alama za juu, akaachwa kote, wakati kulikuwa na kozi zenye nafasi tele ambazo hakuzifikiria, au stashahada ambayo ingemfikisha palepale kwa miaka miwili zaidi. Hilo linahitaji mtu wa kumtazama usoni na kumwambia ukweli kwa upole. Niliwahi kujaribu kwa simu. Binti alikata, nikadhani mtandao, kumbe analia.

La tatu ni mkopo. Mwaka ule tulikwenda redioni, katika redio moja ya jamii, saa nzima ya kujibu maswali kuhusu kozi. Waliopiga simu karibu wote waliuliza habari za mkopo: ada ya maombi ya shilingi 30,000, uhakiki wa vyeti RITA, sahihi ya serikali ya mtaa, na aliyefiwa na mzazi atapata wapi cheti cha kifo wakati mzazi alizikwa kijijini bila karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kozi, nikaaibika. Mwalimu, tafadhali uweke mkopo mwanzoni mwa mpango wako, si mwishoni. Akaunti ya kuomba mkopo hufunguliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo kijana anayo tangu anaingia kidato cha tano, na vyeti vinaweza kuhakikiwa mapema. Maandalizi hayo yanaweza kumalizika akiwa bado bwenini, hata iwe kesho shule zinafungwa.

Juu ya semina za Zoom sina la kuongeza, isipokuwa kwamba niliwahi kuwasilisha mada mbele ya majina arobaini na kamera arobaini zilizozimwa, na nilipouliza kama kuna swali, alijibu jogoo wa mtu.

Mwalimu wa Taaluma, Masasi

Nawashukuru sana, na marahaba binti yangu wa Newala. Afisa umenipinga kwa haki na nimekubali. Nimeifuta sentensi yangu ya kwanza ya mpango, iliyosema "endapo mlipuko utatokea", kwa kuwa naona karibu kila nililotaka lifanyike wakati wa mlipuko lilipaswa kuwa linafanyika siku zote.

Nimeandika hivi mpaka sasa. Ushauri wa kozi unahamia muhula wa pili wa kidato cha tano, na kila mwanafunzi ataondoka na karatasi moja yenye kozi tano alizozijadili nami au na mwalimu wa somo lake, mbili za kutamani, mbili za uhakika na moja ya stashahada, pamoja na sifa za kila kozi zilizoandikwa kwa mkono wake mwenyewe kwa Kiswahili. Kuandika kwa mkono nimekusudia. Safu iliyo kwenye ufa wa kioo haitapitwa. Uhakiki wa vyeti na maandalizi ya mkopo ni kabla ya likizo ya Desemba ya kidato cha sita. Aliyetimiza miaka 18 atapelekwa na shule kwenye usajili wa NIDA na laini, na namba hiyo, si ya mtu mwingine, ndiyo itakayotumika. Kila mzazi atapewa namba ya mwalimu mmoja mwenye jina, na bodi imekubali kulipia muda wa maongezi wa walimu wanne katika miezi ya maombi. Mkuu wa shule aliguna kidogo hapo, lakini yule mfanyabiashara wa korosho ndiye aliyesimama kunitetea baada ya kumsomea habari ya steshenari ya Mtama.

Kuna jambo moja sijalipatia ufumbuzi. Hata nikifanya yote hayo, siku ya kujaza fomu kijana wangu wa Nanyumbu atakwenda kwenye duka la steshenari la huko kwao, si kwangu. Ndugu yangu wa Mtama, je, watu wa kazi yako wakiitwa shuleni kwa siku moja, pamoja na walimu na mtu wa chuo, watakuja? Namaanisha semina ya ana kwa ana, yenye chai na foleni yake.

Fundi wa Steshenari, Mtama

Watakuja, Mwalimu, mradi isiwe mwisho wa mwezi, watu wanapodurufu sana. Mimi nawajua wanne kati ya hapa na Ndanda, nitawaambia. Na lile daftari la mwaka 2020 bado ninalo. Kurasa mbili zimeliwa na mchwa, nyingine zinasomeka. Nitakuja nalo ulione, halafu unishauri kama nilichome au niwatafute wenyewe niwarudishie nywila zao.